Gunia la Chumvi ya Mashine

Maji ya kisima chetu pale Ngokolo yalikuwa yanakula sabuni. Ungeweza kusugua kipande kizima kwenye beseni usipate povu la kujaza kiganja. Ulichopata ni utando wa kijivu ulioelea juu ya maji, na utando huo ndio uliorudi kwenye nguo. Shati jeupe likifuliwa mara tatu kwa maji yale liligeuka rangi ya majivu, na kola ikakakamaa mpaka ikachubua shingo. Ndani ya birika la chai yaliganda magamba meupe ambayo nilikuwa nayabandua kwa kisu.

Mimi kufua ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilifua na kupiga pasi nguo nyeupe tu: sare za wauguzi, kanzu za Ijumaa, magauni ya komunyo ya kwanza, vitambaa vya altare. Nguo nyeupe ikibaki na doa, mwenye nayo anaona na mtaa mzima unaona. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nimekaa na hasira miaka yote hii kwa ajili ya gunia moja la chumvi, namwambia avute kigoda nimweleze vizuri.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili uani kwa familia ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na duka la vitambaa upande wa barabarani. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Mama mwenye nyumba alizaliwa Shinyanga hiyo hiyo, na asubuhi wauza maziwa walipopita alisalimiana nao "mwangaluka" na kubishana nao kwa Kisukuma safi kuliko changu, maana mimi ni Msumbwa wa Ushirombo na Kisukuma changu ni cha kuokoteza. Aliniita "mayu" kama wanawake wa huko wanavyoitana. Mimi nilimwita mama.

Mashine ya kulainisha maji ilikuwa yake. Ilikaa kwenye kibanda cha mabati karibu na bafu: tenki la chuma lenye urefu unaonifika kifuani, kifuniko cha kuzungusha juu, koki tatu ubavuni, na mpira wa kutolea maji machafu mpaka mtaroni. Ndani yake kulikuwa na punje ndogo ndogo za rangi ya asali, mfano wa uwele. Maji ya kisima yalipanda kwa pampu hadi kwenye pipa la juu, yakashuka kupita katikati ya punje zile, na yalipotoka upande wa pili yalikuwa maji mengine. Ukiyashika yanateleza. Sabuni ukiigusisha tu, povu.

Watoto wao walikuwa wameshahamia ng'ambo, nao wazee wakaamua kuwafuata. Siku chache kabla ya kuondoka, mama mwenye nyumba aliniita kibandani akanivalisha aproni yake.

"Mayu, mashine hii nakuachia wewe," aliniambia. "Simwachii mume wako. Yeye atataka kuifungua aone ndani kuna nini. Wewe utaitunza."

Akanionyesha kila kitu kwa mikono yangu mwenyewe. Punje zile zinanasa ule ugumu wa maji, na zikishiba haziwezi kunasa tena. Hapo lazima uzioshe kwa maji ya chumvi ili ziachie. Asubuhi unafunga maji yanayoingia. Unafungua koki ya chini, maji yanapungua. Unazungusha kifuniko, unamimina chumvi, unafunga, unaiacha ifanye kazi mpaka chai ya saa nne. Kisha unafungua maji kidogo kidogo, kama unavyommiminia mgonjwa uji, na uchafu wote unatoka kwa mpira kwenda mtaroni. Unachovya kidole na kuonja. Ukisikia chumvi, bado. Ukionja mara tatu hujaisikia, tayari.

"Na kila baada ya miezi michache," alisema, "unayapeleka maji kinyume, yaingilie chini yatokee juu, yatoe tope. Lakini taratibu. Ukiyaachia kwa nguvu, punje zote zitakimbia, na hapa Shinyanga hutapata nyingine."

Nilifanya mbele yake mara mbili. Mara ya pili hakunirekebisha popote, alikuwa ameketi kwenye ndoo anatazama tu. Wiki hiyo waliondoka. Nyumba ilinunuliwa na mtu wa Mwanza ambaye mashine hakuijua wala hakuitaka, na mimi nikaendelea nayo.

Sasa mume wangu. Mbele yangu aliiita "tenki lako". Mbele ya wenzake wa kiwandani ilikuwa mashine yake. Jumapili alikuja nao wawili watatu, anawapitisha kibandani, anagonga chuma kwa spana na kueleza namna alivyoifunga. Hakuifunga yeye. Ilikuwepo hata kabla hatujaoana. Mimi nilikuwa ninapeleka chai, nasikia, nanyamaza, kwa sababu mwanamume akijisifu mbele ya wageni wake nilifundishwa kumwacha.

Jumapili moja aliamua kuwaonyesha jinsi maji yanavyopelekwa kinyume. Nilikuwa natoka misa, na kabla sijafika getini nikasikia maji yanavuma. Alikuwa amefungua koki yote. Maji yanaruka juu kutoka kwenye mpira, na pamoja na maji, punje zangu. Ua mzima ulikuwa umetapakaa uwele wa rangi ya asali, na kuku wanadonoa.

"Funga!" nilipiga kelele. "Funga maji!"

"Tulia mama, zitarudi tu," akanijibu, na wenzake wakacheka.

Zingerudije? Nilikimbia na gauni langu la kanisani nikafunga koki, nikafukuza kuku, nikapiga magoti. Mchana kutwa niliokota punje zile kwa ufagio wa njukuti na ungo, nikaziosha kwenye beseni na kuzichuja kwa khanga, mchanga huku, punje huku. Zilizopotea zilipotea. Tangu siku hiyo mashine ilishiba haraka na ikataka chumvi mara nyingi zaidi. Yeye aliwasindikiza wageni, akarudi, akauliza chakula kiko wapi.

Nilimpa chakula. Hilo nalo linaniudhi nikilikumbuka.

Kisha ukaja ule wakati mgumu wa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ambao wenye umri wangu hawahitaji kusimuliwa. Sabuni ilikuwa foleni, sukari foleni, chumvi foleni. Ukipata kipande cha sabuni ya mche unakikata vipande vinne na kuvificha kama dawa. Kwa mfuaji kama mimi, mashine ile ndiyo iliyoniweka mjini, kwa sababu kwa maji laini nilifua kwa robo ya sabuni ambayo wenzangu walitumia. Lakini mashine ilitaka chumvi, na chumvi ya dukani ilikuwa ya kupimiwa kwa kikombe, kwa kaya.

Hapo ndipo nilipotafuta njia. Kwenye mnada wa Kishapu wafugaji walinunua chumvi ya ng'ombe, ile ya mabonge, ya kijivu, yenye matope na majani. Haikuwa ya mtu kula kwa hiari. Nilipanda lori la pamba mpaka huko, nikanunua gunia zima, nikarudi nimelikalia. Nyumbani nililoweka bonge moja moja kwenye ndoo, nikaacha tope lituame, nikayachuja maji yake kwa khanga iliyokunjwa mara mbili, nikaonja, nikachuja tena. Maji yale ya chumvi ndiyo niliyoyamimina kwenye tenki, na mashine ikayakubali. Hakuna aliyenifundisha. Mama mwenye nyumba alikuwa anatumia chumvi safi ya pakiti. Njia ile ya ndoo na khanga niliivumbua mwenyewe, na natamani mtu mmoja tu angesema hivyo enzi zile.

Gunia nililiweka kibandani juu ya matofali. Sikulificha. Ningekuwa nalificha, ningeliweka uvunguni.

Asubuhi moja balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na mgambo wawili. Ulikuwa wakati wa kusaka walanguzi nyumba hadi nyumba. Balozi alikuwa mtu mzima, jirani wa ukuta kwa ukuta, mkewe nilikuwa nikimfulia vitambaa vya meza bure.

"Shikamoo balozi," nilisema.

Hakuitika. Alikwenda moja kwa moja kibandani, akafungua mdomo wa gunia, akatia mkono.

"Hii nini?"

"Chumvi, balozi. Ya mashine."

"Ya nini?"

"Ya mashine. Hii hapa. Inakula chumvi ili ilainishe maji."

Mgambo mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. "Mashine inakula chumvi! Na ugali inakula?"

"Watu wanakula mboga chukuchuku," balozi alisema, "na wewe una gunia zima, unatuambia habari za mashine."

Walilibeba gunia. Na mimi wakanichukua, na mikono yangu yenye povu, tukapita barabarani watu wakitazama. Wapo wateja wangu waliotazama. Yupo mama mmoja aliyesema kwa sauti, makusudi nisikie, "Kumbe ndio hawa wanaotuficha chumvi." Nguo ya mwanawe ya komunyo ilikuwa kwenye kamba yangu muda ule ule.

Walinipeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Katibu wa pale alikuwa kijana, mstaarabu kwa sura, kalamu mfukoni. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho: punje, koki, chumvi, mtaro. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyoona macho yake yanavyonihesabu kuwa mwongo hodari.

"Mashine ni ya nani?" aliuliza.

"Niliachiwa mimi."

"Nani mwingine anaijua?"

"Mume wangu ni fundi. Mwiteni, yuko kiwandani."

Nilikuwa na uhakika naye. Huyu mtu aliyeitambia mashine ile Jumapili baada ya Jumapili, ningemtilia shaka kwa lipi? Walimleta, bado ana grisi mikononi. Akasalimia kila mtu. Mimi aliniruka.

"Fundi," katibu akamwambia, "mkeo anasema kwako kuna mashine inayotumia chumvi. Unaijua?"

Mume wangu alimtazama balozi, akawatazama mgambo, akalitazama gunia lililosimama pembeni.

"Mimi nashinda kazini, mkubwa," alisema. "Hayo mambo ya uani ni ya mama mwenyewe. Mimi siyajui."

Nilikuwa nimesimama umbali wa kunyoosha mkono kutoka kwake. Nimezaa na mtu huyu watoto watatu, nimemfulia ovaroli za grisi miaka kumi, na alisimama pale akanikana waziwazi, wala hakumeza mate kwanza.

Sikulia. Watu walidhani nitalia. Nilimwambia katibu, "Twende nyumbani kwangu. Lete sabuni yako mwenyewe, usije ukasema nimeitia dawa. Nikishindwa kukuonyesha, nifunge."

Sijui ni nini kilichomfanya akubali. Labda sauti yangu. Tulirudi msafara mzima, katibu, balozi, mgambo, mume wangu nyuma kabisa, na majirani wakajaa uani. Niliweka mabeseni mawili kwenye jua. Moja nikajaza maji ya kisima, jingine maji ya mashine. Nikakata kipande cha sabuni ya katibu nusu kwa nusu, nikamwita mwanamke yule yule aliyesema tunaficha chumvi.

"Njoo ufue wewe. Mabeseni yote mawili."

Alikuja kwa kiburi, akasugua kwenye beseni la kwanza. Ukatoka utando wa kijivu. Akahamia la pili, na kabla hajasugua mara kumi povu lilikuwa limefika viwikoni na linamwagika chini. Aliguna, akatoa mikono, akairudisha. Watu wakasogea. Wengine wakachovya vidole.

"Ni kweli," katibu alisema. "Mama, hii kweli ni ajabu."

Na hapo, Mungu ni shahidi, mume wangu akapenya katikati ya watu, akafuta mikono kwenye suruali, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha tenki.

"Ndiyo, mkubwa," alisema. "Siri yake iko humu ndani. Mimi ndiye niliyemwelekeza namna ya kuitumia."

Nilichukua beseni lenye povu. Sikupanga kufanya hivyo, mikono ilifanya yenyewe. Nilimmwagia kuanzia kifuani mpaka kwenye viatu.

"Saa tatu hukuijua," nilimwambia. "Saa saba umeijua. Nani amekufundisha hapo katikati?"

Kicheko kikalipuka uani. Alibaki pale anachuruzika povu. Mpaka leo wapo ndugu wanaoniambia sikufanya vizuri kumwaibisha mume hadharani. Hao ndugu sijawahi kuwasikia wakisema yeye hakufanya vizuri kunikana hadharani.

Katibu alinitangaza kuwa sina kosa. Nikashukuru, nikamwomba gunia langu. Akakuna kichwa. Akamtazama balozi. Balozi akatazama mawingu.

"Mama, ile chumvi imeshagawiwa wananchi," katibu alisema. "Tumetoka pale tumeagiza igawiwe. Tusameheane, ni hali ya nchi."

Imegawiwa! Chumvi ya ng'ombe, yenye matope, imegawiwa watu wakati mimi niko njiani kwenda kuthibitisha kuwa si mwizi. Nilimuuliza nani ataniletea nyingine. Alisema atalifuatilia. Hakulifuatilia, wala sikumwona tena uani kwangu.

Mashine ilishiba ndani ya siku chache, na maji yakawa magumu kama zamani. Nilifua kwa maji ya kisima, sare zikatoka za kijivu, wauguzi wawili wakahamia kwa mfuaji mwingine. Wakaja kuchukua kwa adabu mabaki ya sabuni waliyokuwa wameniletea, na adabu ile iliniuma kuliko matusi.

Karibu na Pasaka mke wa balozi alikuja, amekumbatia gauni la bintiye la kipaimara.

"Shoga yangu, naomba unifulie kwa yale maji yako."

"Yale maji hayapo. Mashine haina chumvi."

"Ninayo kidogo, nitakuletea."

Alileta ndoo ndogo, imejaa mpaka juu. Mabonge ya kijivu, yenye majani ya Kishapu ndani yake. Nilitazama ndoo, nikamtazama yeye. Aliinamisha macho. Alikuwa anajua, na akajua kwamba nimejua.

"Hii mligawiana nyumba ngapi?" nilimuuliza.

"Mwenzangu, mimi sikusema iletwe kwetu."

"Lakini umeipikia."

"Hailiki," alisema polepole. "Ina mchanga."

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nilimvua khanga ya mabega nikamwambia aikunje mara mbili, achuje. Alichuja asubuhi nzima, ndoo baada ya ndoo, viganja vikachanika kwa chumvi. Sikumsaidia hata kidogo. Gauni lilitoka jeupe, akalikumbatia, akashukuru, "wabeja, mayu", akaenda. Siku ya pili yake alimtuma balozi mwenyewe na chumvi iliyobaki. Aliitua getini, akanitangulia yeye kwa salamu, nikaitika, akaondoka. Hatukuzungumza zaidi ya hapo, wala sijamsamehe, ingawa kwenye msiba wake nilikwenda na kuosha vyombo kama watu wengine.

Kwa chumvi ile nilijikokota mpaka siku nilipokwenda tena mnada wa Kishapu, safari hii na barua ya muuguzi mkuu mkononi ikieleza chumvi ni ya nini. Wateja walirudi mmoja mmoja. Kibanda nilikitia kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga.

Mume wangu hakuniomba radhi. Alinuna, akawa anakula bila kusema, na habari za dhahabu ya Bulyanhulu ziliposhika kasi aliacha kazi akafuata wachimbaji. Alikaa huko zaidi ya mwaka, barua mbili. Alirudi amekonda, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye mistari ya viganja, na amefuatana na mchimbaji mwenzake. Nilisikia anamwambia mwenzake getini, "Kuna mashine yangu hapa, ngoja nikuonyeshe." Kisha akaniomba ufunguo.

Nilifungua kufuli mwenyewe. Ulikuwa muda wa usafi mkubwa, ule ambao unafungua tenki, unatoa punje zote kwa kopo, unakomba tope na chokaa chini, unaosha punje, unazirudisha. Nilimpa kopo, brashi na aproni.

"Ni yako," nilimwambia. "Ioshe."

Alimtazama mwenzake. Mwenzake akachukua kigoda akakaa, anasubiri kuona. Hakuwa na pa kukimbilia. Alianza kuchota punje, na mimi nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, namwambia: polepole, umemwaga, okota ile, hiyo koki siyo. Alikomba chini ya tenki mpaka adhuhuri, ameingiza mkono hadi begani, anatokwa jasho, tope la kijivu limempaka shavu. Hasira yangu haikupungua hata kijiko. Alipomaliza alisimama akanyoosha mgongo, akasema tayari.

Nilichungulia ndani. Ukingoni mwa chini kulikuwa na chokaa bado.

"Rudia," nilimwambia.